Mgonjwa Wako Yuko Thieta: Mwongozo wa Anayesubiri Nje

Mlango wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, ukishafungwa, ndugu huambiwa maneno mawili tu: "Subirini pale." Pale ni benchi. Hakuna anayeeleza mtakaa mpaka lini, nani atakuja kuwaita, wala muda ukipitiliza mumuulize nani. Mwongozo huu nimemwandikia yule aliyebaki na mfuko wa nguo za mgonjwa mapajani. Nimekaa kwenye mabenchi hayo kwa ajili ya watu wangu wa karibu, na ninaamini kwa dhati kwamba anayesubiri ana kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe ni hii. Dawa za usingizi hufanya zaidi ya kumlaza mtu. Huvuruga pia kumbukumbu ya saa zinazofuata. Mgonjwa anaweza kufungua macho, akaongea na daktari, akaitikia "nimeelewa", na kesho yake asikumbuke hata neno. Siku hiyo hawezi kujisikilizia wala kujiulizia. Wewe utasikia, utauliza na utakumbuka kwa niaba yake.

Hatua ya 1: Yamalizeni ya kuulizana siku moja kabla

Chagueni msemaji mmoja wa familia. Huyo ndiye atakayeacha namba yake hospitalini, atakayezungumza na daktari, na atakayewapa wengine habari. Familia ikienda na wasemaji watano, kila mmoja huambiwa kipande chake, na jioni vipande hivyo huwa ugomvi. Msemaji si lazima awe mkubwa wa ukoo. Awe mtu anayesikiliza mpaka mwisho na asiyeona haya kusema "sijaelewa, naomba unieleze tena".

Mwulize mgonjwa mwenyewe anataka nani aambiwe nini. Wapo wasiopenda ugonjwa wao ujulikane kwa kila mtu, na hilo ni lao kuamua. Ni rahisi kumwuliza leo akiwa na akili timamu kuliko kubahatisha kesho.

Andika kwenye karatasi moja: dawa zote anazotumia na kiasi chake, zikiwemo za mitishamba, dawa au vitu vinavyomdhuru mwili, magonjwa aliyonayo, na upasuaji aliowahi kufanyiwa. Kama kuna mtu yeyote wa damu yake aliyewahi kupata shida kubwa akiwa kwenye nusukaputi, liandike hilo pia na umwambie daktari wa usingizi, kwa kuwa yapo matatizo ya dawa hizo yanayorithiwa. Kama anatumia dawa za kisukari, presha au za kuzuia damu kuganda, uliza waziwazi ipi anywe na ipi asinywe asubuhi hiyo.

Halafu suala la kufunga. Kwa kawaida mtu mzima huambiwa aache chakula angalau saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, na maji matupu saa 2 kabla. Hospitali yenu ikitoa maelekezo tofauti, fuateni hayo. Sababu yake inafaa kila ndugu aijue: aliyelala kwa dawa hana uwezo wa kukohoa wala kumeza, na chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Kwa hiyo ile huruma ya kumpa "kidogo tu cha kushika tumbo" ina hatari kubwa. Na akiwa ameshakula, semeni. Upasuaji utaahirishwa, mtakereka, lakini mtarudi naye nyumbani mzima.

Hatua ya 2: Asubuhi, kabla hajachukuliwa

Pete, hereni, saa, meno bandia na lenzi za machoni vyote vitoke. Rangi ya kucha ifutwe pia: kile kibanio anachovishwa kidoleni husoma oksijeni ya damu kwa mwanga unaopenya kwenye kidole, na rangi inaweza kuuvuruga.

Vitu vya thamani viende nyumbani. Lakini miwani, kifaa cha kusikia na meno bandia usivitume popote. Viweke kwenye mkoba wako mwenyewe, kwenye kisanduku au kitambaa chenye jina lake, maana ndivyo atakavyovihitaji kwanza akiamka.

Utasikia mgonjwa akiulizwa jina lake na upasuaji gani anafanyiwa, na dakika chache baadaye mtu mwingine atamwuliza maswali yaleyale. Usidhani hawajui wanalofanya. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ambayo husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Kuulizwa jina mara nyingi ni sehemu ya ulinzi huo. Vivyo hivyo alama ya kalamu anayochorwa kwenye mguu au upande unaopasuliwa. Kama upande una maana katika upasuaji wake na huoni alama yoyote, uliza kabla kitanda hakijasukumwa. Una haki hiyo.

Na kabla hajaondoka, pata majibu ya mambo manne: tukae wapi, nani atatuita, upasuaji unatarajiwa kuchukua muda gani, na muda huo ukipita tumuulize nani.

Hatua ya 3: Ielewe saa uliyopewa

Hapa ndipo watu wanapoteseka zaidi, na mateso mengi yangeepukika.

Daktari wa upasuaji akisema "kama saa mbili", mara nyingi anahesabu kazi yake: kuanzia kisu cha kwanza mpaka mshono wa mwisho. Wewe unahesabu tangu kitanda kilipopita mlangoni. Katikati ya hesabu hizo mbili kuna mengi. Mgonjwa anaweza kulazwa kwanza kwenye chumba cha kungojea ndani, thieta ikisafishwa baada ya mtu aliyetangulia. Kisha anawekewa sindano ya dripu, anaunganishwa na mashine, analazwa usingizi au kuchomwa ganzi ya mgongoni, anageuzwa na kuegemezwa mahali panapotakiwa, anaoshwa kwa dawa, anafunikwa shuka safi. Hayo peke yake yanaweza kumaliza saa nzima. Mwishoni, pamba na vyombo vyote huhesabiwa kuhakikisha hakuna kilichobaki ndani. Halafu kuna kuamshwa, na baada ya hapo chumba cha uangalizi, ambako anaweza kukaa saa moja, mbili au zaidi mpaka pumzi, presha na maumivu vitulie.

Ukijumlisha, upasuaji wa saa mbili unaweza kukuweka kwenye benchi saa nne au tano bila jambo lolote kuharibika. Waambie ndugu hesabu hiyo ndefu tangu asubuhi. Ukiwaambia saa mbili, ikifika saa ya tatu simu zitaanza kuita na kila anayepiga atakuongezea hofu ambayo hukuwa nayo.

Pia upasuaji unaweza kuchelewa hata kuanza. Aliyetangulia amechukua muda mrefu, au amefika mama anayehitaji kupasuliwa haraka kuokoa mtoto, au majeruhi wa ajali. Thieta humpisha mwenye dharura. Inauma mtu wako akiwa amefunga tangu usiku, lakini siku dharura itakapokuwa ni yake, wengine watampisha.

Ukiwa pale utazoea jambo moja: mlango ukifunguka, benchi zima linainua vichwa. Anatoka mfanyakazi anasukuma ndoo, vichwa vinashuka. Anatoka nesi na faili, vichwa vinainuka tena. Ukikaa unautazama mlango huo kutwa nzima utachoka kabla hujaanza kazi yako ya kweli. Kama wamesema watakuita kwa jina au kwa simu, kaa mahali unaposikia lakini upe mlango mgongo.

Muda uliotajwa ukipita kwa saa moja hivi, nenda kauliza. Usimsimamishe kila aliyevaa nguo za kijani. Nenda kwa yule uliyetajiwa, au kwa nesi wa mapokezi au wa wodi. Uliza hivi: "Naomba kujua kama upasuaji umeshaanza, au kama ameshatoka yuko kwenye uangalizi." Swali hilo nesi anaweza kulijibu kwa kupiga simu ndani. Ukiuliza "hali yake ikoje?" hana jibu, kwa sababu walichokikuta atakieleza daktari aliyepasua. Ukiuliza kwa namna ya kwanza utapata kitu cha kushika.

Hatua ya 4: Jitunze na wewe

Kula. Kunywa maji. Kama una kisukari au presha, meza dawa zako kwa saa zake. Wodi haihitaji mgonjwa wa pili. Pokezaneni: mmoja abaki, mwingine akanyooshe miguu, na kila anayeondoka aache simu ikiwa wazi. Beba chaja, nguo nzito kidogo, daftari na kalamu. Anayeomba na aombe, asiyeweza kukaa na atembee kwenye korido.

Usiingie kwenye intaneti kutafuta jina la upasuaji na hatari zake. Maswali hayo ni ya jana, mbele ya daktari anayemjua mgonjwa wako. Leo utakutana na kila balaa lililowahi kumpata mtu yeyote duniani, na hakuna hata moja utakaloweza kulifanyia kazi ukiwa pale.

Kwa ndugu walio mbali, ujumbe mmoja kwenye kundi unatosha: "Ameingia saa tatu asubuhi. Tunatarajia habari kuanzia saa nane mchana. Nikipata neno nitaandika hapa, tafadhali msipige ili simu isiwe inatumika daktari akinitafuta." Andika ulichoambiwa tu. Usitafsiri uso wa nesi.

Mkiombwa kuchangia damu, wachague wenye afya, waliokula na wasio na kazi ya kumhudumia mgonjwa jioni hiyo. Msemaji asiwe mmoja wao.

Hatua ya 5: Daktari akitoka

Hizi zinaweza kuwa dakika tatu au nne tu, na ndizo ulizozisubiri siku nzima. Simama, msogelee, mwombe mkae pembeni kama kuna watu. Nenda na ndugu mmoja wa pili, kwa kuwa masikio mawili yenye hofu husikia nusu. Fungua daftari. Mwache aseme kwanza mpaka amalize, kisha uliza ambayo hajayagusa:

- Mmefanya nini hasa, na ni kama ilivyopangwa?
- Mmekuta nini?
- Kuna kipande kilichopelekwa maabara? Majibu tuyafuate wapi, na baada ya muda gani?
- Ameongezewa damu?
- Amewekewa mipira gani, na itatolewa lini?
- Ataanza lini kunywa, kula, kuinuka?
- Maumivu yatatulizwaje usiku wa leo?
- Ni dalili gani tukiiona tumwite nesi mara moja?

Kabla hajaondoka, mrudishie kwa maneno yako: "Kwa hiyo nimeelewa kwamba..." Kama umekosea atakusahihisha palepale. Nikitakiwa kuchagua jambo moja tu la kukusisitizia katika mwongozo huu wote, ni hilo la kumrudishia daktari maneno yake.

Sikiliza pia upana wa jibu. "Upasuaji umekwenda vizuri" maana yake ni kwamba kazi ya thieta imefanyika kama ilivyokusudiwa. Haina maana kwamba ugonjwa umekwisha. Uvimbe uliotolewa vizuri bado unasubiri maabara iseme ni wa aina gani, na majibu hayo huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Ukiwaandikia ndugu "amepona" kisha majibu yakaja tofauti, utalazimika kuwavunja moyo wewe mwenyewe.

Ukiambiwa walianza kwa matundu madogo ya kamera wakalazimika kufungua tumbo, usilipokee kama kushindwa. Daktari huamua hivyo anapoona kuendelea kwa matundu kuna hatari, kwa mfano damu inatoka au haoni vizuri. Kidonda kitakuwa kikubwa na kupona kutachukua muda zaidi, basi ulizia hilo.

Na ikiwa habari si njema, kaa chini. Omba chumba chenye faragha. Huna wajibu wa kuelewa kila kitu mara ya kwanza; uliza mambo mawili tu, hali yake iko wapi sasa hivi na hatua inayofuata ni ipi, kisha omba kuonana na daktari tena baadaye siku hiyohiyo. Kundi la familia linaweza kusubiri. Jipe muda wa kupumua kabla hujaandika chochote.

Hatua ya 6: Ukimwona kwa mara ya kwanza

Jiandae kwa sura. Anaweza kuwa amepauka, uso umevimba kidogo, ana barakoa ya oksijeni, dripu mkononi, mpira wa mkojo, pengine na mpira mwingine unaotoa majimaji kwenye kidonda. Mashine inalia mara kwa mara; tazama uso wa nesi, kama ametulia nawe tulia. Anaweza kutetemeka, kwa sababu mwili hupoteza joto thietani na dawa zenyewe huchangia. Sauti inaweza kukwaruza kama alipitishiwa mpira wa kupumulia kooni. Kichefuchefu ni cha kawaida. Aliyefanyiwa kwa matundu madogo ya tumboni anaweza kulalamika bega linauma, na ndugu wakashangaa bega limeingiaje. Ni ile gesi ya kaboni dioksaidi iliyotumika kulitanua tumbo: inasumbua kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na maumivu yake husikika begani. Huisha baada ya siku chache.

Aliyechomwa ganzi ya mgongoni ataona miguu kama si yake kwa saa kadhaa. Asisimame bila nesi kuruhusu, hata akisisitiza kwamba anaweza.

Mwite kwa jina. Mwambie: "Umeshafanyiwa, umemaliza, uko hospitali, mimi niko hapa." Atauliza tena baada ya dakika mbili. Mjibu tena, kwa sauti ileile. Mvalishe miwani yake. Majibu mazito msimpe saa hiyo. Hatayakumbuka vizuri na mtalazimika kumuumiza mara mbili.

Ataomba maji. Usimpe mpaka nesi aseme ndiyo, hata akikulilia. Uliza kama unaweza kumlowanisha midomo. Nawa mikono kabla ya kumgusa, usiguse bandeji, na mwenye mafua abaki nje.

Mtoto mdogo anaweza kuamka akipiga kelele, akirusha mateke, asimtambue hata mama yake. Inatisha sana kuiona. Mara nyingi hutulia ndani ya nusu saa hivi. Mshike, mlinde asijing'oe dripu, zungumza naye taratibu. Mzee ni tofauti: kuchanganyikiwa kwake kunaweza kuja usiku au kesho yake, akadai yuko nyumbani au akawaona watu wasiokuwepo. Msibishane naye. Mwambieni siku na mahali alipo, mvalisheni miwani na kifaa cha kusikia, akae naye mtu anayemzoea, na mwambieni nesi, kwani wakati mwingine chanzo ni maumivu, maambukizi au mkojo uliobaki kibofuni.

Akipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, uliza kama ilipangwa tangu mwanzo. Baada ya upasuaji mkubwa wa moyo, ubongo au tumbo mara nyingi imepangwa, kwa sababu anahitaji kuangaliwa kwa ukaribu.

Mwite nesi bila kusita ukiona pumzi zimekuwa fupi au nzito, bandeji inalowa damu haraka, amekuwa mgumu kuamshwa, kifua kinauma, kigimbi kimoja kimevimba na kinauma, hajapata mkojo kwa saa 6 na zaidi, au joto limepanda kufikia 38. Usiogope kuonekana msumbufu. Wewe unamjua uso wake ulivyo siku zote, na ukisema "huyu si kama alivyokuwa saa moja iliyopita" unampa nesi taarifa ambayo mashine haina.

Hatua ya 7: Kabla hujaondoka jioni

Mwulize nesi wa zamu jina lake na saa anayobadilishana na mwenzake. Hakikisha namba yako iko kwenye faili, na uisome wewe mwenyewe ilivyoandikwa, tarakimu kwa tarakimu. Kitufe cha kumwita nesi kiwe karibu na mkono usio na dripu, na mgonjwa akibonyeze mara moja mbele yako. Akiwa na mashine ya dawa ya maumivu inayobonyezwa, abonyeze yeye tu. Ndugu akimbonyezea aliyelala anaweza kumzidishia dawa mpaka pumzi zikapungua.

Anayekuja kulala zamu ya usiku msomee daftari lote mkiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, kisha umwachie na kalamu. Kesho asubuhi daktari akipita wodini, ukurasa unaofuata uwe na maswali matatu ya juu yaliyoandikwa tayari.